Kibali kimeshatoka, sasa nani anaenda shambani?

Mabishano ya GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara, nimeyafuatilia kwa muda mrefu na kila nikirudi nayakuta palepale, ziruhusiwe au zisiruhusiwe. Wengine wanataka serikali igonge muhuri leo, wengine wanataka muhuri ufungiwe kabatini, na siku uamuzi ukitoka, uwe ndiyo au hapana, watu wanatawanyika kana kwamba kazi imeisha. Mimi naona kazi ndo inaanza siku hiyo. Ukiangalia madhara ya mazingira ambayo kweli yametokea tangu mbegu hizi zianze kupandwa kwa wingi mwaka 1996, sehemu kubwa hayakutokea kwa sababu kuna kitu maabara haikukiona, yametokea misimu kadhaa baada ya kibali, huko mashambani, mbele ya serikali ambazo zilishafunga faili na kuhamia kwenye mambo mengine.

Sheria zenyewe nitazipitia haraka. Marekani mwaka 1986 waliamua hawahitaji sheria mpya, wakagawa kazi kwa taasisi tatu zilizokuwepo: wizara ya kilimo inaangalia kama mmea unaweza kuwa balaa kwa mimea mingine, shirika la mazingira EPA linaangalia sumu, iwe ya kupuliza au ile ambayo mmea unaitengeneza wenyewe, na FDA inaangalia chakula. Ulaya wao wana mlango maalumu kwa ajili ya GMO, sheria yao ya 2001 inasema kibali hakizidi miaka 10 na lazima kiwe na mpango wa kufuatilia mbegu baada ya kuingia sokoni. Alafu kuna Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa, ilipitishwa Januari 2000 ikaanza kazi Septemba 2003, hii inaipa nchi haki ya kukataa kuingiza mbegu hizi hata kama sayansi haijafika kwenye uhakika kamili. Marekani, Kanada na Argentina, ambao ni kati ya wakulima wakubwa kabisa wa GMO duniani, sio wanachama.

Sasa tuingie shambani, na nianze na mdudu mmoja, manake huyu anaonyesha ninachosema kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua.

Anaitwa funza mwekundu. Nondo jike anataga mayai kwenye pamba, funza anatoboa anaingia ndani ya tumba na kula mbegu, na akishaingia humo dawa ya kupuliza haimfikii. Pamba ya Bt ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu wa aina yake. Wataalamu walichukua jini, yaani kinasaba, kutoka kwa bakteria wa kwenye udongo, Bacillus thuringiensis, wakaiweka kwenye pamba, mmea ukawa unatengeneza wenyewe protini inayoharibu utumbo wa funza. Ni kazi nzuri na nasema hivyo kwa moyo mweupe, imepunguza upuliziaji wa sumu kali sehemu nyingi, na China watafiti waliona wadudu rafiki kama ladibagi wakirudi mashambani kwa sababu hiyo.

Lakini kila mtu aliyesoma wadudu alijua usugu utakuja. Ukiweka sumu ileile kwenye kila mmea, msimu mzima, shamba zima, wachache wenye bahati ya kuzaliwa na usugu ndo wanabaki, wanakutana wao kwa wao, na watoto wao wote ni sugu. Kwahiyo sharti likawekwa, mkulima apande na sehemu ya pamba ya kawaida isiyo na Bt, inaitwa kimbilio. Pale funza wa kawaida wanaishi, wanakuwa nondo, wanaruka wanakutana na wale wachache sugu, na kwa sababu mtoto amerithi usugu kutoka kwa mzazi mmoja tu, dozi ya kwenye mmea bado inamuua. Yaani mkulima anaambiwa awafugie wadudu chakula ili dawa iendelee kufanya kazi kwa wote. Ni sharti gumu kulielewa na gumu zaidi kulitii, sababu hasara ya kimbilio unaipata wewe mwaka huu na faida yake inakuja kwa mtaa mzima baadaye. Kitu cha namna hii hakisimami bila serikali.

Arizona, jimbo la Marekani, walikisimamia. Kulikuwa na ukaguzi, kulikuwa na wanasayansi wanaokusanya wadudu kila mwaka na kuwapima maabara kuona kama usugu unapanda, wakulima wenyewe walikuwa na chama chenye nguvu, na wengi walipanda kimbilio kama inavyotakiwa. Kuanzia mwaka 2006 wakaongeza njia nyingine, ndege zikawa zinamwaga nondo tasa kwa mabilioni juu ya mashamba, ili hata nondo sugu akibaki akutane na tasa asizae. Oktoba 2018 wizara ya kilimo ya Marekani ikatangaza kwamba funza mwekundu ametokomezwa kwenye maeneo yote ya pamba ya nchi hiyo, mdudu aliyewasumbua kwa miaka zaidi ya 100.

India ni mdudu huyohuyo na jini ileile. Kibali kilitoka mwaka 2002, na sharti la kimbilio lilikuwepo, kimaandishi lilikuwa kali kabisa, mistari mitano kuzunguka shamba au asilimia 20 ya eneo, na mfuko wa mbegu ya Bt wa gramu 450 ulikuja na kipakiti cha gramu 120 cha mbegu ya kawaida. Wakulima wengi hawakukipanda. Na mimi siwalaumu, mtu ana kashamba kadogo, ana deni, unamwambia sehemu ya tano ya shamba alishe wadudu, na hakuna mtu wa serikali aliyekuja kumweleza kwanini wala kuangalia kama amefanya. Ongeza na mbegu chotara za msimu mrefu zinazomwacha funza na chakula miezi mingi, na pamba ya Bt kufika zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya nchi. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba funza sugu wamepatikana Gujarat. Mbegu yenye jini mbili ilikuwa imeshaingia sokoni tangu 2006, na miaka michache baada ya tangazo hilo funza wakaizoea na hiyo.

Hapo ndipo napata hasira kwa kweli. Mbegu ni ileile, mdudu ni yuleyule, karatasi za tathmini ya hatari ukizisoma zinafanana, sehemu moja mdudu katoweka na sehemu nyingine karudi na nguvu mpya. Tofauti kubwa ni nani alikuwa shambani mwaka wa tatu, wa tano, wa nane. Afrika Kusini nako mahindi ya Bt yalishapata bungua sugu, ripoti ilitoka mwaka 2007, na hapo pia utekelezaji wa kimbilio miaka ya mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Jini inayofanya kazi dhidi ya mdudu ni mali ya wote, ikishaisha nguvu haimwishii yule aliyekiuka sharti peke yake, inamwishia hata jirani yake aliyefuata kila kitu.

Magugu ndo hadithi kubwa zaidi kwa ukubwa wa eneo. Mbegu nyingi za GMO zinazopandwa duniani zimetengenezwa zistahimili dawa ya magugu, hasa glaifoseti, unapulizia shamba zima, magugu yanakufa, soya inabaki. Wakulima waliipenda na walikuwa na sababu, ilipunguza kulima udongo na mmomonyoko nao ukapungua. Tatizo ni kwamba wakaitegemea hiyo moja tu, soya mwaka huu na pamba mwakani lakini dawa ileile. Mwaka 2000 huko Delaware, Marekani, likagundulika gugu lililozoea glaifoseti ndani ya soya, na katikati ya muongo huo kwenye jimbo la Georgia likatokea balaa lenyewe, ndugu wa mchicha anayeitwa Palmer, mmea mmoja jike unaweza kutoa mbegu laki kadhaa, unakua sentimita kadhaa kwa siku, na baadhi yake ulikuwa umejizidishia nakala za jini inayolengwa na glaifoseti, zaidi ya nakala 100 ndani ya mmea mmoja, kiasi kwamba dawa inazidiwa. Wakulima wa pamba Georgia wakarudi kung'oa magugu kwa mikono.

Na hapa mgawanyo wa kazi wa 1986 ukaonyesha tundu lake. Wizara ya kilimo ilikuwa inaangalia mbegu, EPA inaangalia dawa, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuviangalia vyote viwili kama kitu kimoja wakati mkulima anavinunua kwa pamoja. Kampuni zikajibu usugu kwa kuleta soya na pamba zinazostahimili dikamba, dawa ya zamani ambayo sifa yake mbaya inajulikana, kukiwa na joto inageuka mvuke na kusafiri mpaka kwa jirani. Wizara iliziachia mbegu hizo Januari 2015. Pamba ikauzwa mwaka huohuo, soya mwaka 2016. Toleo jipya la dawa lililotakiwa kwenda nazo EPA walilipitisha Novemba 2016. Hebu fikiria vizuri, misimu miwili mkulima ana mbegu inayostahimili dikamba, magugu yamemzidi, na anaambiwa asipulizie. Wengi walipulizia ile ya zamani. Majani ya soya za majirani yakaanza kujikunja kama vikombe, miti ya matunda ikaharibika, na Oktoba 2016 kwenye mpaka wa Arkansas na Missouri mkulima mmoja aliuawa kwa risasi katika ugomvi wa dikamba iliyovuka kuingia shambani kwake.

Mwaka 2017, dawa mpya sasa ikiwa halali, wataalamu wa magugu wa vyuo vikuu walikadiria ekari milioni 3.6 za soya zimeathirika. Juni 2020 mahakama ikafuta kibali cha dawa, miezi michache baadaye EPA wakatoa kingine, Februari 2024 mahakama nyingine ikafuta na hicho. Mimi sioni kama huu ni udhibiti. Ni serikali kukimbizana na kitu ilichokiachia yenyewe, na mahakama kufanya kazi ya mkaguzi.

Kuna watu walijaribu kuangalia kabla, na hili huwa nashangaa halitajwi vya kutosha. Uingereza mwisho wa miaka ya 90 serikali iliagiza majaribio makubwa mashambani, kila shamba linagawanywa katikati, nusu zao la GMO na dawa yake, nusu zao la kawaida na dawa zake za kawaida, alafu watafiti wanahesabu magugu, mbegu za magugu, nyuki, vipepeo, wadudu wa ardhini. Hawakuuliza kama jini ni mbaya, waliuliza shamba linabaki na uhai kiasi gani ukilima hivi. Majibu yalitoka Oktoba 2003. Kwenye viazisukari na rapa, zao la mafuta, ya msimu wa spring, upande wa GMO ulikuwa na magugu machache, mbegu chache na baadhi ya wadudu wakapungua. Kwenye mahindi ikawa kinyume, upande wa GMO ulikuwa na uhai zaidi, kwa sababu mahindi ya kawaida yalikuwa yanapuliziwa atrazine, dawa ya magugu ambayo ni kali zaidi. Watafiti wakasema wazi kwamba tofauti inatoka kwenye dawa na namna inavyotumika. Machi 2004 serikali ikatoa kibali chenye masharti kwa mahindi pekee, na kampuni husika ikajitoa yenyewe kabla ya mwezi kuisha.

Ninachokipenda pale ni swali. Fikiria yule kipepeo wa Marekani, monarch. Mwaka 1999 utafiti wa maabara ulionyesha viwavi wake wanaweza kufa wakila majani yenye chavua ya mahindi ya Bt, dunia ikalipuka, magazeti yakajaa, utafiti mkubwa ukafanyika na mwaka 2001 ukaonyesha kwamba kwa mahindi mengi ya Bt yaliyokuwa shambani hatari hiyo ni ndogo sana. Watu wakapumua. Wakati huohuo glaifoseti ilikuwa inafuta taratibu mmea pekee ambao viwavi hao wanakula, uliokuwa unaota wenyewe katikati ya mahindi na soya, na watafiti waliopiga hesabu ya 1999 mpaka 2010 kwa eneo la kati magharibi walikuta umepungua kwa asilimia 58. Hakukuwa na fomu ya kujaza kwa ajili ya hilo. Fomu iliuliza chavua ina sumu au haina.

Alafu kuna mbegu zinazotoroka, na hapa nitakaa kidogo na nyasi. Kampuni moja ilitaka kuuza nyasi za viwanja vya gofu zinazostahimili glaifoseti. Zikapandwa kwa majaribio Oregon, Marekani, kwenye eneo maalumu lililotengwa. Nyasi hizi ni za kudumu, chavua yake inabebwa na upepo, mbegu yake ni ndogo kama vumbi na ina ndugu wengi wa porini, kwa maneno mengine kila sifa ambayo hutaki kwenye kitu unachojaribu kukizuia. Watafiti wa EPA wakapanda mimea ya kutegea chavua kuzunguka eneo na kuiacha, wakakuta jini imefika kilomita 21 kwa upepo. Mwaka 2007 serikali ilitoza faini ya dola 500,000, ambayo ilikuwa ya juu kabisa kwa sheria hiyo. Mwaka 2010 nyasi hizo zikaonekana kwenye mifereji ya umwagiliaji ya kaunti ya Malheur, mashariki ya Oregon, zimevuka mto kutoka kwenye majaribio ya upande wa Idaho. Na watu wanaotunza mifereji walikuwa wanasafisha kingo kwa glaifoseti, dawa ambayo nyasi hizi haziisikii.

Januari 2017 wizara ya kilimo ikaziondoa nyasi hizo kwenye orodha ya mimea inayodhibitiwa, ikisema hazina sifa ya kuwa balaa kwa mimea mingine kwa maana ya sheria ile. Kisheria inawezekana walikuwa sahihi, sheria yao inauliza swali hilo tu. Ila ukiwa ni wewe unayesafisha mfereji, kilichobaki ni nyasi zako na gharama zako. Mchele wa GMO wa Marekani uitwao LL601 una mkondo unaofanana, majaribio yaliisha 2001, mwaka 2006 ukakutwa umechanganyika na mchele wa kibiashara kabla hata haujaruhusiwa, masoko ya nje yakafunga milango, na mwaka 2011 kampuni ikakubali kulipa wakulima dola milioni 750. Angalau pale kulikuwa na wa kulipa.

Wanaotaka katazo la jumla nawaelewa, ila nao wana tatizo lilelile, wanaamini karatasi. Brazil soya ya GMO ilikuwa haijaruhusiwa, ikaingia kwa magendo kutoka Argentina, watu wakaipa jina la Maradona, ikapandwa kusini ya nchi mpaka mwaka 2003 serikali ikalazimika kuiruhusu mavuno yauzwe. India kabla ya kibali cha 2002, pamba ya Bt isiyo halali ilishakutwa Gujarat mwaka 2001. Katazo bila mkaguzi linakupa mbegu zilezile bila jina, bila rejista na bila kimbilio.

Na sasa kumekuja uhariri wa jini, ambapo hauweki kitu kigeni, unarekebisha kilichomo. Mahakama ya Ulaya Julai 2018 ilisema hizo nazo ni GMO. Argentina tangu 2015 ina utaratibu wa kuziachia zisizobaki na DNA ya kigeni, Uingereza imetunga sheria nyepesi mwaka 2023, Marekani walitoa misamaha mingi mwaka 2020 na Desemba 2024 mahakama ya California ikazifuta kanuni hizo. Ubishi wote ni kuhusu njia iliyotumika kutengeneza mbegu. Mimi njia hainisumbui sana. Kanada kwa hili wako vizuri kuliko wengi, wanaangalia sifa mpya ya mmea, haijalishi umeipata kwa jini ya kigeni, kwa mionzi au kwa uhariri. Zao linalostahimili dawa ya magugu likitengenezwa kwa uhariri litaleta magugu sugu vilevile, mchicha wa Georgia haujui mbegu ilipita mlango gani. Lakini likisamehewa kabisa, lisiandikishwe popote, hata kipimo cha kulitambua likitoroka kinaweza kisiwepo.

Kwahiyo nikipewa kalamu nadai haya. Mbegu na dawa yake vipitishwe siku moja au visipitishwe, asiuziwe mtu kimoja bila kingine. Kibali kiwe na mwisho kama Ulaya, ila kuongezewa muda kutegemee takwimu za shambani ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, zisiwe ripoti za kampuni kujisifia. Kila mwaka wadudu na magugu yakusanywe na kupimwa usugu, na kiwango cha kusitisha mauzo kiandikwe kabla, wakati bado hakuna anayejua kitampata nani. Nchi zijiunge na itifaki ya nyongeza ya Nagoya na Kuala Lumpur kuhusu uharibifu na fidia, ipo tangu 2010 na ilianza kazi Machi 2018, alafu zitunge sheria za ndani zinazosema nani anasafisha mfereji. Na pesa za ukaguzi zikatwe kwenye kila mfuko wa mbegu unaouzwa, zikae kwenye fungu lisiloguswa, ili mkaguzi wa mwaka wa tisa naye awe na gari na mafuta ya kufika shambani.